R kama chombo cha utafiti: inatii kila amri, hata iliyo mbovu

Mwanaikolojia anayehesabu ndege, daktari anayefuatilia wagonjwa, mwanaisimu anayepima muda wa kusoma neno, mwanauchumi mwenye data ya kaya: wote hawa leo wanaweza kukaa mbele ya programu moja na kuandika karibu mstari uleule. Programu hiyo ni R. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wakifuata lugha ya S iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1976. Toleo 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Hailipiwi hata senti, na leseni yake ya GPL inakuruhusu kuitumia, kuikagua na kuirekebisha. Ghala lake kuu, CRAN, lina pakeji (vifurushi vya fanksheni za ziada) zaidi ya 20,000.

Kinachotathminiwa hapa ni R kama chombo cha kazi, pamoja na pakeji chache zinazobeba mzigo mkubwa wa utafiti: lme4 ya modeli mseto (za data yenye makundi), survival ya muda hadi tukio, DHARMa ya kukagua mabaki (tofauti kati ya data na utabiri wa modeli), na brms inayoendesha programu ya Stan kwa modeli za Kibayesi, yaani zinazochanganya matarajio ya awali na data. Hukumu itangulie. Kwa upana wa modeli, hakuna programu nyingine inayoifikia. Lakini ina tabia moja ambayo mtumiaji lazima aijue tangu siku ya kwanza: hupiga kelele kwa mambo madogo, kama pakeji mbili kuwa na fanksheni za jina moja, halafu hukaa kimya kabisa unapoipa modeli isiyolingana na data yako. Inakokotoa, inachapisha jedwali safi, inasubiri amri inayofuata.

Fomula moja kwa fani zote

Uzuri wa kwanza wa R ni alama ya kiwimbi. Ukiandika `mavuno ~ mbolea + mvua`, umesema mavuno yaelezwe kwa mbolea na mvua. Fomula hiyohiyo, kwa mabadiliko madogo, inaingia kwenye `lm()` kwa mstari ulionyooka, `glm()` kwa idadi na majibu ya ndiyo au hapana, `gam()` ya pakeji ya mgcv kwa mikunjo, `lmer()` kwa data yenye makundi, `coxph()` kwa muda hadi mgonjwa afariki au kifaa kiharibike, na `brm()` kwa Kibayesi. Anayehama fani halazimiki kujifunza lugha mpya. Fomula yake anahama nayo. Nyota, `mbolea * mvua`, huleta athari ya kila kimoja pamoja na athari ya viwili vikikutana. Nukta mbili, `mbolea:mvua`, huleta huko kukutana peke yake.

Mtego uko kwenye kipeo. `mavuno ~ mvua + mvua^2` haikupi mvua na mraba wake. Ndani ya fomula, kipeo kina maana ya kuunganisha vigeu, na kigeu kikiunganishwa na chenyewe kinabaki kilekile. Kwa hiyo unapata mstari ulionyooka, bila onyo. Andika `I(mvua^2)`, au `poly(mvua, 2)`. Dalili huonekana haraka ukiitafuta: jedwali lina safu moja tu ya mvua pale ulipotarajia mbili.

Modeli tatu, mteremko mmoja

Njia nzuri ya kuijaribu lme4 ni kwa data ya sleepstudy inayokuja nayo. Watu 18 walipimwa muda wa kuitikia ishara, kwa milisekunde, kila siku kuanzia siku ya 0 hadi ya 9, huku wakilala saa 3 tu kwa usiku. Hiyo ni mistari 180. Swali ni moja: kila siku inayoongezeka inamchelewesha mtu kwa milisekunde ngapi?

Modeli ya kwanza ni `lm(Reaction ~ Days)`. Jibu: mteremko wa 10.467, yaani milisekunde kwa siku, na kosa sanifu (kipimo cha jinsi jibu linavyoweza kuyumba) 1.238. Modeli hii inadhani ina watu 180 tofauti, kila mmoja akipimwa mara moja.

Ya pili, `lmer(Reaction ~ Days + (1 | Subject))`, inampa kila mtu mahali pake pa kuanzia. Mteremko ni uleule, 10.467, ila kosa sanifu limeshuka hadi 0.804. Tofauti kati ya wepesi na wazito imeondolewa kwenye mabaki, na modeli imejawa na uhakika.

Ya tatu, `lmer(Reaction ~ Days + (Days | Subject))`, inampa kila mtu mahali pa kuanzia na mteremko wake. Mteremko wa wastani bado ni 10.467. Kosa sanifu sasa ni 1.546, karibu mara mbili ya lile la modeli ya pili.

Mtu akitazama mteremko peke yake ataona modeli tatu zinakubaliana. Hazikubaliani hata kidogo kuhusu uhakika, na ya tatu ndiyo inayosema kweli, kwa sababu watu hawachoki kwa kasi moja. Mkengeuko wa miteremko yao, yaani kiasi inavyotofautiana, ni 5.92, na unaweza kuona kwa kikokotoo jinsi unavyotawala jibu. Mraba wa 5.92 ukigawanywa kwa watu 18 ni 1.947. Mkengeuko wa mabaki ni 25.59; mraba wake ukigawanywa kwa 18 mara 82.5 ni 0.441 (82.5 ni jumla ya miraba ya umbali wa siku 0 hadi 9 kutoka wastani wake, 4.5). Jumla ni 2.388, na kipeuo chake cha pili ni 1.545: kosa sanifu lilelile, ukiacha tofauti ya kukadiria kwenye tarakimu ya mwisho.

Hesabu hiyo fupi ina faida kubwa kwa anayepanga utafiti. Sehemu ya 1.947, zaidi ya asilimia 80 ya wasiwasi wote, inapungua kwa kuongeza watu tu. Kuwapima watu walewale kwa siku nyingine 10 kunagusa ile 0.441 peke yake. Hali ni hiyohiyo kwa vipimo vingi kwenye mashamba machache, sentensi nyingi kwa wasomaji wachache, au seli nyingi kutoka kwa panya wachache.

Kuna jambo jingine ambalo R haitakuambia usipouliza. Andika `?sleepstudy` usome ukurasa wa msaada: siku ya 0 na ya 1 zilikuwa za kuzoea na kufundishwa, siku ya 2 ndiyo kipimo cha msingi, na kunyimwa usingizi kulianza baada yake. Kwa swali la usingizi, siku mbili za mwanzo zinapaswa kutolewa kwa `subset(sleepstudy, Days >= 2)`, na mistari inabaki 144. Modeli haina namna ya kulijua hilo. Limeandikwa kwa maneno, mahali ambapo wengi hawafiki.

Wanaoanza hushangaa kwamba lme4 haichapishi thamani ya p. Si kasoro, waandishi wake waliiacha kwa makusudi, kwa kuwa digrii za uhuru (idadi ya vipande huru vya habari) katika modeli mseto hazina jibu moja linalokubalika kwa kila hali. Mhariri akiidai, pakeji ya lmerTest inaongeza makadirio ya Satterthwaite, na kwa modeli ya tatu inatoa digrii 17, yaani watu 18 kutoa mmoja. Idadi hiyo inakukumbusha sampuli yako halisi ni ya ukubwa gani.

Ujumbe mbili za lme4 ziheshimiwe. Wa kwanza ni `boundary (singular) fit`: mkengeuko mmoja umefika sifuri, au uhusiano kati ya athari nasibu (tofauti za makundi, kama zile za mtu na mtu hapo juu) umefika 1 au -1. Fungua `VarCorr()` uone ni upi. Mara nyingi makundi ni machache mno. Ukiwa na vituo 3 au 4, viingize kama kigeu cha kawaida badala ya athari nasibu. Wa pili ni `Model failed to converge`. Usikimbilie kubadilisha modeli. Anza na vipimo vya vigeu. Safu ya mwaka yenye thamani kama 2015 pamoja na safu ya uwiano wenye thamani kama 0.003 huvuruga utafutaji. Toa wastani, gawa kwa mkengeuko, rudia. Ikishindikana, `allFit()` itaendesha modeli kwa njia kadhaa za utafutaji. Zikikubaliana hadi tarakimu unazoripoti, onyo lilikuwa la tahadhari tu. Zikitofautiana, data haitoshelezi modeli hiyo.

Pale inaponyamaza

Hapa ndipo penye hatari zaidi, na ni vizuri kuiona moja kwa karibu. Data ya wagonjwa ina safu yenye maneno mawili, Amepona na Hajapona. Mtafiti anaandika `glm(factor(hali) ~ dawa, family = binomial)`. R hupanga ngazi za maneno kwa alfabeti, kisha huchukua ngazi ya kwanza kuwa kushindwa na zinazofuata kuwa kufanikiwa. A inatangulia H, kwa hiyo Amepona ndiyo imekuwa kushindwa, na modeli inaeleza uwezekano wa kutopona. Dawa inayosaidia inatoka na alama ya kutoa, inayodhuru inatoka na alama ya kujumlisha. Hakuna onyo, maana kwa R hakuna kilichoharibika. Safu yenye Hapana na Ndiyo ingekwenda sawa, kwa kubahatisha tu, kwa kuwa H inatangulia N. Dawa ya hili ni mstari mmoja kabla ya modeli: `factor(hali, levels = c("Hajapona", "Amepona"))`. Kisha hesabu kwa `table(hali, dawa)` uone kama mwelekeo wa jedwali unalingana na alama ya modeli.

Ndugu ya kosa hilo hutokea kwenye namba. Safu ya umri ikiwa imesomwa kama ngazi, yaani "10", "20" na "5", `as.numeric()` haikurudishii 10, 20 na 5. Inarudisha 1, 2 na 3, namba za ngazi zenyewe. Pita kwanza kwenye maandishi: `as.numeric(as.character(umri))`. Toleo 4.0.0 la mwaka 2020 lilipunguza tatizo hili kwa kuacha kugeuza maandishi kuwa ngazi wakati wa kusoma faili, lakini skripti za zamani na faili za RDS zilizohifadhiwa kabla ya hapo bado zinalibeba.

Kusoma faili kwenyewe kuna mitego yake. Neno NA kwa R ni thamani iliyokosekana, na NA pia ni kifupi rasmi cha nchi ya Namibia. Data ya dunia nzima yenye safu ya vifupi vya nchi hupoteza Namibia kimyakimya wakati wa `read.csv()`. Weka `na.strings = ""` kwa safu hiyo. Kinyume chake ni dodoso zinazoandika -999 au 99 kwa asiyejibu: hizo huingia kama namba halali na kuvuta wastani. `summary()` ya data yote, kabla ya modeli yoyote, huzifichua kwenye thamani ndogo na kubwa kabisa. Na kama data ilipitia lahajedwali, kagua tarehe. Jeni kama SEPT2 na MARCH1 ziligeuzwa kuwa tarehe na Excel mara nyingi hivi kwamba mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni ilizibadilisha kuwa SEPTIN2 na MARCHF1.

Thamani zilizokosekana zinaharibu pia ulinganishaji wa modeli. `lm()` na `glm()` hutupa mstari wowote wenye pengo kwenye kigeu kilichotumika. Ukiongeza kigeu chenye mapengo 40, modeli ya pili imefanyiwa kazi kwenye mistari pungufu kwa 40. `anova()` itakataa kuzilinganisha, na hapo inastahili sifa. `AIC()`, kipimo cha kulinganisha modeli, inaonya tu, kisha inatoa namba. Namba hizo hazilinganishiki, kwa hiyo tengeneza kwanza data moja isiyo na mapengo kwenye vigeu vyote vitakavyotumika, na modeli zote ziijie hiyo.

Kwenye kutabiri, `predict()` ya modeli ya `glm` inatoa majibu kwa kipimo cha ndani cha modeli. Kwa ndiyo au hapana hicho ni logi ya uwiano wa kutokea kwa kutotokea (odds), na ndiyo maana watu hukuta "uwezekano" wa -1.7. Ongeza `type = "response"`.

Hesabu za idadi zinahitaji uangalifu wa peke yake. Modeli ya Poisson inadhani mtawanyiko ni sawa na wastani, na data ya kweli, iwe ya wadudu kwenye mtego, ya ziara za hospitali au ya makosa ya herufi, mara chache hutii. `glm()` haisemi kitu. Gawa `Residual deviance` kwa digrii zake za uhuru: ikikaribia 1 ni sawa; ikifika 4, makosa sanifu ya kweli ni takriban mara mbili ya yaliyochapishwa, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Kipimo hicho kinapotosha idadi zikiwa ndogo sana, ndiyo maana DHARMa ina thamani. `simulateResiduals()` hutunga data mara 250 kutoka kwenye modeli yako na kuuliza kila kipimo halisi kimeangukia wapi kati ya hizo za kutunga. Modeli ikiwa nzuri, majibu yanatawanyika sawasawa kati ya 0 na 1. Mchoro wa kushoto unaonyesha kama mtawanyiko umezidi, wa kulia unaonyesha kama kuna mkunjo uliosahaulika. Tahadhari moja: data ikiwa na makumi ya maelfu ya mistari, majaribio yake huwaka rangi nyekundu kwa kasoro isiyo na uzito, basi tazama ukubwa wa kupinda, si rangi.

Pakeji ya survival ni ya kuaminika na ina miaka mingi kazini, lakini nayo inasoma unachoiandikia. Kwenye `Surv()`, tukio linaweza kuwa 0 na 1, au 1 na 2. Data yake ya lung, wagonjwa 228, inatumia 2 kwa aliyefariki, na vifo ni 165. Ukiipa safu hiyo ikiwa ngazi badala ya namba, inaelewa kwamba unataka modeli ya hali nyingi, kitu tofauti kabisa. Baada ya `coxph()`, kila mara endesha `cox.zph()`: kama athari ya tiba inafifia kadiri muda unavyokwenda, uwiano mmoja wa hatari kwa kipindi chote unaficha habari yenyewe.

brms na Stan

Anayehamia Kibayesi hana mahali pazuri pa kuanzia kuliko brms. Unaandika fomula ya lme4, yenyewe inaigeuza kuwa msimbo wa Stan, unakusanywa kwa C++, kisha kazi inaanza. Ndiyo maana inahitaji kikusanyi cha C++ kwenye kompyuta: Rtools kwa Windows, zana za Xcode kwa Mac. Usakinishaji ukikwama, tisa kwa kumi sababu ni hiyo, basi hakikisha toleo la Rtools linalingana na toleo la R. Kila modeli mpya hukusanywa upya kabla ya kuanza, hata ikiwa na mistari 20 ya data, na subira inahitajika.

Kwa chaguo-msingi inaendesha minyororo 4 ya sampuli, hatua 2,000 kila mmoja, nusu ya kwanza ikiwa ya kujipasha moto. Unabaki na sampuli 4,000. Angalia mambo matatu. Rhat, kipimo cha kama minyororo inakubaliana, iwe chini ya 1.01. Ukubwa halisi wa sampuli uzidi 400 kwa kila kigezo unachoripoti. Na idadi ya `divergent transitions` iwe sifuri. Hizi za mwisho zisipuuzwe hata zikiwa 5: zina maana kwamba kuna kona ya modeli ambayo Stan imeshindwa kuingia, na jibu limeegemea upande. Pandisha `adapt_delta` kutoka 0.8 hadi 0.95, kisha 0.99. Zikiendelea, tatizo ni modeli, mara nyingi mkengeuko wa kundi lenye washiriki wachache, na matarajio ya awali yenye kubana zaidi ndiyo suluhisho.

Matarajio hayo ya awali ndiyo ukimya wa brms. Usipoyaandika, miteremko inapewa matarajio bapa, thamani yoyote sawa na nyingine. Wengine hukwepa hilo kwa kuandika `normal(0, 10)` wakidhani ni upole. Kwa sehemu ya kuanzia ya modeli ya ndiyo au hapana si upole hata kidogo: takriban robo tatu ya uzito wake inasema uwezekano uko chini ya 0.05 au juu ya 0.95. Kwa `normal(0, 1.5)` uzito unasambaa vizuri kati ya 0 na 1. Kabla ya kugusa data, endesha `sample_prior = "only"` kisha `pp_check()`. Kama modeli inatabiri watoto wachanga wa kilo 60, umeona mapema.

Uzito, uzee na kurudia kazi

R huweka data kwenye RAM. Namba moja ni baiti 8, kwa hiyo mistari milioni 10 yenye safu 20 ni GB 1.6, na modeli hutengeneza nakala. Kisia mara tatu ya ukubwa wa data. Ikizidi hapo, pakeji za duckdb au arrow zipunguze data kwanza, R ipokee muhtasari.

Tatizo kubwa zaidi ni uzee wa skripti. Toleo 3.6.0 la mwaka 2019 lilibadilisha namna `sample()` inavyochagua, na `set.seed(123)` ileile ikaanza kutoa sampuli tofauti. Mwezi Oktoba 2023 pakeji za rgdal, rgeos na maptools ziliondolewa CRAN, na kazi nyingi za ramani zikasimama hadi zilipohamishiwa sf na terra. Pakeji ya renv inasaidia sana: `renv::init()` mwanzoni, `renv::snapshot()` kila unapoongeza pakeji, na faili ya renv.lock iende pamoja na skripti. Mwenzako ataandika `renv::restore()`. Ila renv hairejeshi R yenyewe wala maktaba za mfumo wa kompyuta. Toleo la R linaandikwa tu, kulisakinisha ni kazi yako. Kwenye mipangilio ya RStudio, programu ya kuandikia R, zima pia kuhifadhi na kurudisha faili ya .RData. Inarudisha vitu vya jana kwenye kazi ya leo, na skripti inaonekana nzima kumbe inategemea kigeu ambacho haikitengenezi.

Kelele moja ya kusikiliza wakati wa kupakia pakeji: MASS ikija baada ya dplyr, `select()` inakuwa ya MASS, na kosa utakalopata halitaji pakeji yoyote. Andika `dplyr::select()` na mambo yatanyooka.

Ikilinganishwa na nyingine

Anayetoka SPSS atapata majibu tofauti kwenye uchambuzi wa varianzi na kudhani R imekosea. SPSS hutumia jumla za miraba za aina ya III, ambamo kila kigeu hupimwa baada ya vingine vyote. `anova()` ya R hutumia aina ya I, ambamo mpangilio wa vigeu kwenye fomula hubadilisha jibu kama makundi hayana idadi sawa. `car::Anova()` inatatua hilo, lakini ukitaka aina ya III lazima kwanza uweke `options(contrasts = c("contr.sum", "contr.poly"))`, la sivyo mistari ya athari kuu haina maana penye mwingiliano.

Python ni bora zaidi kwa maandishi, picha na mifumo mikubwa. Kwa modeli za utafiti ina mitego miwili ya kujua: `sm.OLS` ya statsmodels haiweki sehemu ya kuanzia mpaka uiongeze kwa `add_constant`, na `LogisticRegression` ya scikit-learn huvuta miteremko kuelekea sifuri kwa chaguo-msingi. Inafaa kwa utabiri. Haifai kuripotiwa kama uwiano wa odds (odds ratio) kwenye makala ya afya.

Kwa asiyetaka kuandika msimbo kabisa, jamovi ni ya bure, ina madirisha ya kubofya, na chini yake ni R ileile. Washa hali ya sintaksia na kila uchambuzi unaobofya utaonyeshwa kama amri ya R, tayari kunakiliwa kwenye skripti.